Nne na nne si nane: kompyuta inavyogawa kumbukumbu yake

Mama mmoja, mweka hazina wa kikoba, alikuja kibandani kwangu hapa Majengo, Dodoma, simu mkono mmoja na boksi lake mkono wa pili. Boksi alikuwa amelitunza kama kielelezo cha kesi. Shikamoo yangu aliiitikia haraka haraka, akaniwekea boksi mezani. "Mwanangu, nisomee hapa. Wameandika ngapi?" Nikasoma: RAM, yaani kumbukumbu ambayo programu hufanyia kazi, GB 8. Chini yake, kwa herufi za kusaka na miwani, palikuwa na 4+4.

Shida yenyewe ilikuwa hii. Akiwa katikati ya kuingiza michango ya wanachama kwenye programu ya mahesabu, akichungulia WhatsApp kidogo kuona nani ametuma hela, akirudi anakuta programu imeanza upya na alichoandika hakipo. "Nane gani hii inayosahau? Ile simu yangu ya zamani ilikuwa na tatu na ilinivumilia."

Ningeweza kumjibu kwa sentensi moja: mama, zile nne za pili si RAM. Lakini yeye ni mtu wa hesabu, angeniuliza mara moja: kama si RAM, simu inakubalije kuzihesabu? Na hapo ndipo utamu ulipo. Simu inakubali kwa sababu hakuna programu hata moja, kwenye simu yoyote ya kisasa wala kompyuta, inayojua vitu vyake viko wapi hasa. Zote zinaishi kwa anwani za kupewa. Anayezigawa ni mfumo endeshi, yaani Android, Windows, Linux na wenzao, na anagawa kwa ujanja ambao umekuwepo kabla ya wengi wetu kuzaliwa.

Kiwanja namba 20,000

RAM yenyewe ni kitu cha kawaida sana. Ichukulie kama safu ndefu ya visanduku, kila kimoja kinabeba baiti moja, kiasi cha kutosha herufi moja, na kila kimoja kina namba kuanzia sifuri. RAM ya GB 4 ina visanduku 4,294,967,296. Namba ya kisanduku ndiyo anwani yake.

Zamani programu ilikuwa inataja anwani na inapelekwa hapo hapo. Ikisema weka saba kwenye 20,000, saba inakaa kwenye kisanduku cha 20,000. Kama kompyuta inaendesha programu moja tu, hakuna tatizo. Ziweke mbili na ugomvi unaanza, kwa sababu aliyeandika ya kwanza na aliyeandika ya pili hawajuani, na kila mmoja anaweza kuipenda 20,000. Mmoja atafuta kazi ya mwenzake. Mbaya zaidi, hakuna ukuta: programu ya mchezo inaweza kwenda kusoma nywila iliyoachwa na programu ya benki.

Watu wa Dodoma tuna njia yetu ya kulielewa suluhisho. Mwambie mtu hapa mjini kwamba unakaa kiwanja namba 12, atakuuliza papo hapo: kitalu gani, wapi? Namba 12 iko Nkuhungu, iko Kisasa, iko Ilazo, na katika kila eneo inaweza kuwepo Kitalu A, B na C. Namba peke yake haina ardhi. Inapata ardhi inapotajwa pamoja na kitalu chake.

Mfumo endeshi unafanya vivyo hivyo. Kila programu inayofunguliwa inapewa kitalu chake, chenye namba zote tangu sifuri hadi mwisho, na haiambiwi kwamba kuna vitalu vingine duniani. Kiwanja namba 20,000 kipo kwenye kitalu cha WhatsApp, kipo kwenye kitalu cha kivinjari, kipo kwenye kitalu cha programu ya kikoba. Namba hiyo inayotumiwa na programu tuiite anwani pepe, pepe ile ile ya barua pepe. Mahali baiti inapolala kweli ndani ya RAM tupaite anwani halisi. Kati ya hizo mbili kuna rejista inayosema kiwanja hiki cha kitalu hiki kiko wapi hasa.

Mfano wangu unaishia hapo, maana kitalu cha ardhi ni kipande kimoja na viwanja vyake vimepakana. Kwenye kompyuta, namba 12 ya kitalu chako inaweza kuwa Nkuhungu, namba 13 ikawa Ihumwa, na kesho 13 ikahamishiwa Nala bila wewe kuambiwa, na bado kila mzigo wako unakufikia. Afisa ardhi yeyote angefukuzwa kazi kwa ramani kama hiyo. Kompyuta inaihitaji, kwa sababu hailazimiki kutafuta eneo kubwa lililo wazi kwa mkupuo; inaokota vipande popote vilipo.

Kuandika mstari mmoja wa rejista kwa kila baiti ni wazimu, rejista ingekuwa kubwa kuliko kumbukumbu yenyewe. Kwa hiyo anwani zinakatwa kwa mafungu yanayoitwa kurasa. Kwenye kompyuta nyingi ukurasa mmoja ni baiti 4,096. RAM nayo inakatwa kwa ukubwa huo huo, na kila kipande cha RAM kinaitwa fremu. RAM ya GB 4 inatoa fremu 1,048,576. Ukurasa unaingia kwenye fremu yoyote, kama daftari linavyoingia kwenye droo yoyote ya kabati.

Tuipige hesabu moja kwa mkono, kwa sababu ukiielewa hii umemaliza nusu ya somo. Programu ya kikoba inataka anwani pepe 20,000. Gawa kwa 4,096: unapata 4, na baki ni 3,616. Maana yake ni baiti ya 3,616 ndani ya ukurasa namba 4, tukianza kuhesabu kwa sifuri. Rejista ya programu hiyo inasema ukurasa 4 uko fremu 731. Zidisha 731 kwa 4,096, ongeza 3,616, unapata anwani halisi 2,997,792. Wakati huo huo WhatsApp nayo inataka 20,000 yake. Ukurasa ni 4 vile vile na baki ni ile ile, lakini rejista yake inaonyesha fremu 52, kwa hiyo inaishia 216,608. Namba moja, sehemu mbili, na hakuna aliyemkanyaga mwenzake. WhatsApp hata ikitaka kuisoma 2,997,792 haina namna ya kuitaja. Kila namba inayoweza kutamka inapita kwanza kwenye rejista yake yenyewe.

Rejista hiyo kwa jina la kitaalamu ni jedwali la kurasa. Mfumo endeshi ndio unaoliandika, lakini hauketi hapo kulisoma kila mara, maana prosesa, ile chipu inayotekeleza amri, inagusa kumbukumbu mabilioni ya mara kwa sekunde. Kusoma ni kazi ya kifaa kilichomo ndani ya prosesa yenyewe. Kwa kompyuta za mezani za ukoo wa Intel, kifaa cha kufanya kazi kwa kurasa kilikuja na prosesa ya 80386 mwaka 1985.

Mkoa, wilaya, kata, mtaa

Prosesa nyingi za biti 64 zinatumia biti 48, yaani tarakimu 48 za sifuri au moja, kwa anwani pepe. Hizo ni TB 256 (TB moja ni GB 1,024) za viwanja kwa kila programu, hata kama simu yenyewe ina RAM ya GB 4. Usishtuke, ni namba tu, na kuandika namba kwenye ramani hakuhitaji udongo.

Tatizo ni jedwali. TB 256 zikikatwa kwa kurasa za baiti 4,096 ni kurasa zaidi ya bilioni 68, na kila mstari wa jedwali unakula baiti 8. Jedwali la programu moja lingekuwa GB 512. Ungehitaji kumbukumbu ya kutunza ramani ya kumbukumbu, na isingetosha.

Suluhisho lake tunalo kwenye vibao vya nyumba zetu. Kabla ya Sensa ya 2022 nchi nzima iliingia kwenye zoezi la anwani za makazi, nyumba zikawekwa namba na barabara zikapewa majina. Postikodi nazo zinasomeka kwa ngazi: za Dodoma zinaanza na 41, kisha tarakimu zinazofuata zinakushusha hadi wilaya na kata. Huhitaji orodha moja ya nyumba zote za Tanzania ili ufike Chang'ombe. Unakwenda mkoa, unashuka wilaya, kata, mtaa, kisha unatafuta namba ya mlango.

Jedwali la kurasa linafanya hivyo hivyo, na kwa bahati nzuri ngazi nazo ni nne. Biti 48 zinagawanywa: tisa za mkoa, tisa za wilaya, tisa za kata, tisa za mtaa, na kumi na mbili zinazobaki ni namba ya mlango ndani ya ukurasa. Biti tisa zinatoa machaguo 512. Mistari 512 ya baiti 8 ni baiti 4,096, yaani jedwali dogo la kila ngazi linaenea sawasawa kwenye ukurasa mmoja. Aliyekaa akapanga hilo alikuwa mtu nadhifu. Faida kubwa ni kwamba mkoa usio na mtu haufunguliwi faili la wilaya. Programu nyingi zinatumia sehemu ndogo mno ya kitalu chao, kwa hiyo badala ya GB 512 unakuta majedwali ya programu nzima ni MB chache, pengine pungufu.

Lakini sasa kila unapotaka baiti moja, prosesa inapaswa kwanza kusoma sehemu nne za RAM ili kujua pa kwenda, halafu ndipo iende. Ukisoma mara tano kupata kitu kimoja, kompyuta yako imekuwa mzee. Kinachoiokoa ni daftari dogo ndani ya prosesa linaloandika tafsiri zilizotumika karibuni. Bodaboda wa hapa Majengo hafungui ramani kila abiria anapomtajia soko la Sabasaba. Njia iko kichwani. Daftari hilo lina nafasi kwa mamia ya kurasa, au maelfu machache, na kwa kuwa programu zina tabia ya kurudia kurudia sehemu zile zile, mara nyingi sana jibu linapatikana humo bila kugusa majedwali. Mfumo endeshi unapobadilisha mstari wa jedwali, lazima pia uhakikishe nakala iliyobaki kwenye daftari imefutwa, la sivyo bodaboda atampeleka abiria kwenye nyumba iliyokwisha kubomolewa.

Wateja wa kompyuta za zamani huwa wananiuliza jambo linalohusiana na hili. Ananunua RAM ya GB 8, anaichomeka kwenye mashine yenye Windows ya biti 32, na inasoma GB 4 hata pungufu. Hajauziwa feki. Biti 32 zinaweza kutaja anwani 4,294,967,296 na si zaidi, na baadhi ya namba hizo zimeshatengwa kwa ajili ya vifaa kama kadi ya picha. RAM ipo, ila haina namba ya kuitiwa.

Faili lipo masjala

Hadi hapa nimeongea kana kwamba kila ukurasa una fremu yake. Hauna. Jedwali lina alama moja ndogo kwa kila mstari inayosema ukurasa huu upo kwenye RAM au haupo. Alama hiyo ndiyo moyo wa mambo yote.

Aliyewahi kufuatilia jambo ofisini anaijua sentensi "faili liko masjala." Meza ya afisa ina nafasi ya mafaili machache, mengine yote yako masjala. Ukifika na faili halipo mezani, afisa anasimama, anamtuma mhudumu, anahudumia mtu mwingine, na faili likija anaendelea na wewe pale alipoishia. RAM ni meza, diski ni masjala. Programu ikitaja anwani ambayo ukurasa wake haupo mezani, prosesa inasimama na kuuita mfumo endeshi. Mfumo endeshi unaangalia orodha zake: ukurasa huu ni halali ila uko diski? Basi unatafuta fremu, unauleta, unarekebisha jedwali, na programu inarudia hatua ile ile iliyokwama. Programu yenyewe haijui kitu. Kwake ni kama ilipepesa macho. Kama ukurasa si halali kabisa, yaani programu imetaja kiwanja ambacho hakikugawiwa, inauawa hapo hapo. Ndicho chanzo cha baadhi ya zile ajali za programu kufunga ghafla.

Wazo hili ni la zamani. Mwaka 1962 Chuo Kikuu cha Manchester, Uingereza, kilizindua kompyuta ya Atlas, iliyoongozwa na Tom Kilburn. Kumbukumbu yake ya haraka ilikuwa na nafasi ya maneno ya kompyuta 16,384 tu (neno hapa ni fungu la biti zinazosomwa kwa pamoja), na nyuma yake ngoma ya sumaku, diski ya enzi hizo, yenye maneno 98,304. Kabla ya hapo mwandishi wa programu alilazimika kupanga mwenyewe lini kipande gani kiletwe kutoka kwenye ngoma na lini kirudishwe, kazi ya kuchosha na ya kukosea. Atlas ikachukua mzigo huo: ikakata kila kitu kwa kurasa za maneno 512, fremu 32 tu kwa jumla, na ikampa mwandishi picha ya kumbukumbu moja kubwa. Picha hiyo ndiyo mama yetu wa kikoba amebeba mkobani.

Kinachoamua kama picha hiyo itapendeza au itakera ni kasi ya mhudumu wa masjala. Kufikia RAM kunachukua takriban sehemu mia moja za bilioni ya sekunde. Tuivute tuseme ni sekunde moja kamili. Kwa kipimo hicho, kuleta ukurasa kutoka diski ya SSD, ile ya kisasa isiyozunguka, ni kama dakika 17. Kutoka kwenye diski ya zamani inayozunguka ni zaidi ya saa 27. Afisa aliyezoea kufungua faili kwa sekunde moja anaambiwa asubiri hadi kesho mchana.

Kwa hiyo mfumo endeshi unajitahidi sana kutokosea katika kuchagua faili la kuondoa mezani meza ikijaa. Mwaka 1966 László Bélády wa kampuni ya kompyuta ya IBM alionyesha chaguo bora kabisa: ondoa ukurasa ambao utahitajika mbali zaidi huko mbele. Ushauri safi, isipokuwa kompyuta haina mganga wa kuitabiria. Inabaki kuangalia nyuma: ambao haujaguswa muda mrefu huenda hautaguswa karibuni. Prosesa inasaidia kwa kuweka alama kwenye mstari wa jedwali kila ukurasa unapotumika, na alama nyingine ukurasa unapoandikwa. Alama hii ya pili ina thamani. Ukurasa ambao haujaandikwa tangu uletwe hauna haja ya kurudishwa masjala, nakala yake ipo huko. Unatupwa tu na fremu iko huru. Ulioandikwa lazima kwanza uhifadhiwe.

Nenda steshenari yoyote karibu na chuo wiki ya kuwasilisha ripoti, utaona ujanja huu ukishindwa. Kompyuta ina RAM ya GB 2 na diski ya kuzunguka. Ripoti imefunguliwa, tovuti kumi na tano zimefunguliwa kwa pamoja, na muziki juu. Taa ya diski inawaka bila kuzima, kishale cha mausi kimeganda, mwanafunzi anabonyeza mara kumi, na mwenye duka anasema ni virusi. Si virusi. Kurasa zinazotumika kwa wakati mmoja zimezidi fremu zilizopo, kwa hiyo kila unaoletwa unafukuza mwingine ambao utaitwa baada ya muda mfupi sana. Kompyuta inatumia muda wake wote kumtuma mhudumu masjala na haifanyi kazi yoyote. Mtaalamu wa kompyuta Peter Denning alilieleza hili mwaka 1968: kila programu, kwa kipindi fulani, ina kundi la kurasa inazozihitaji kweli, na ukishindwa kuliweka lote mezani ni afadhali uisimamishe programu nzima kuliko kuiacha itambae. Zima tovuti kumi, utaona kompyuta inafufuka bila kuiwekea dawa ya virusi.

Ofa ya kiwanja na nyumba moja ya watu wengi

Kwa kuwa anwani si mahali, mfumo endeshi unaweza kuahidi zaidi ya ulichonacho. Programu ikiomba GB 1, kwenye Linux na Android mara nyingi inajibiwa ndiyo bila kutengewa hata fremu moja. Imepewa ofa ya kiwanja, si nyumba. Fremu inatolewa siku programu itakapogusa ukurasa husika, na nyingi haziugusi kabisa. Ndiyo maana pia programu kubwa inafunguka haraka: haipakiwi yote, kinaletwa kile kinachoguswa.

Tena mistari ya vitalu viwili inaweza kuelekeza fremu moja. Kwenye ardhi, kiwanja kimoja kikiwa na wenye hati wawili ni kesi ya miaka. Kwenye kompyuta ni akiba ya makusudi. Android inaanza kwa kuzaa mzazi mmoja anayeitwa Zygote, aliyebeba tayari maktaba ambazo karibu kila programu huzihitaji. Kila programu unayofungua inazaliwa kutoka kwake, na mwanzoni inatumia fremu zile zile za mzazi. Kurasa hizo zimewekewa alama ya kusomwa tu. Mtoto akijaribu kuandika, prosesa inapiga kelele, mfumo endeshi unamnakilia ukurasa huo mmoja, na wengine wanaendelea kuishi pamoja. Bila hilo simu ya GB 4 isingeweza kubeba hata nusu ya inavyobeba.

Ukuta kati ya vitalu umewahi kupata nyufa. Januari 2018 ilitangazwa kasoro iliyopewa jina Meltdown, iliyogusa hasa prosesa nyingi za Intel. Kwa ajili ya kasi, kurasa za mfumo endeshi zilikuwa zimeandikwa ndani ya jedwali la kila programu zikiwa na alama ya "usiguse", na ikagundulika kuwa prosesa ilikuwa inachungulia kabla ya kuiheshimu alama. Dawa ilikuwa kutenganisha majedwali, na kompyuta nyingi zikapoteza kasi kidogo.

Turudi kwa mama

Simu za Android kwa kawaida hazipendi kutumia hifadhi, ile tunayowekea picha, kama masjala. Aina hiyo ya kumbukumbu huchakaa kwa kuandikwa andikwa. Badala yake zinakunja: kurasa zisizotumika zinabanwa kihesabu na kubaki ndani ya RAM yenyewe, kama nguo kwenye begi la safari. Na nafasi ikiisha kabisa kuna mlinzi anayeua programu. Kila programu ina alama. Iliyo mbele ya macho yako inalindwa, iliyofichika nyuma muda mrefu inatangulia kufa. Aliyeandika programu vizuri huhifadhi kazi yako kabla ya kusukumwa nyuma. Aliyeandika ile ya kikoba hakujali.

Sasa ile 4+4. Simu ina RAM ya GB 4. Nne za pili ni sehemu ya hifadhi iliyotengwa kuwa masjala. Hazina kasi ya RAM hata kwa mbali, ila mfumo endeshi unaweza kuzipa anwani pepe kwa sababu anwani pepe haiulizi ukurasa umelala wapi. Zina msaada wake: programu iliyolala nyuma inaweza kupelekwa huko badala ya kuuawa. Lakini ukurasa hauwezi kutumika ukiwa huko. Lazima urudi mezani, na meza ni ile ile ya nne. Kujumlisha meza na masjala ukaandika jumla yake kwenye boksi ni sawa na mwenye daladala kuhesabu viti pamoja na watu waliosimama kituoni.

Nilimkuta pia na programu ya "kusafisha RAM", mpwa wake alimwekea. Hiyo niliifuta bila kuuliza sana. RAM iliyojaa si ugonjwa. Mfumo endeshi unaijaza kwa makusudi na vitu vinavyoweza kuhitajika tena, na unaviachia ukihitaji nafasi. Msafishaji anafukuza programu ambazo dakika mbili baadaye zinarudi kuanza upya, na moja ya alizokuwa akizifukuza ilikuwa ile ya michango.

Nikafungua mipangilio, nikazipa programu ya kikoba na WhatsApp ruhusa ya kubaki zikifanya kazi nyuma, nikamwonyesha kitufe cha kuhifadhi na kumsihi akibonyeze kila anapomaliza mwanachama mmoja. Halafu tukajaribu kuzima zile nne za pili ili aone tofauti. Simu ikawaka upya. Alijaza majina matatu, akaenda WhatsApp, akarudi. Majina yapo.

"Kwa hiyo zile nne zimeenda wapi?" akauliza.

Nikamfungulia ukurasa wa hifadhi: nafasi iliyo wazi ilikuwa imeongezeka GB 4. Akaitazama kidogo, akacheka, akasema basi picha za harusi ya Mpwapwa alizokuwa anataka kuzifuta zitabaki.